Wageni huaga mtoto akianza kulia

Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa kwanza ana wiki 6. Kila jioni anaanza kulia, anakunja miguu, uso unamwiva, wala hanyamazi hadi usiku wa saa nne. Daktari amempima: ni mzima, uzito unapanda, ni chango tu. Mama mkwe anasema maziwa yangu hayamtoshi. Wifi anasema mtoto anasikia hasira zangu. Mume wangu huhamia sebuleni na simu yake. Juzi nilimtua kitandani kwa kishindo, nikajiogopa. Mimi ni mama mbaya?
Mama Aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Tuanze na la juzi, maana naona ndilo lililokufanya uandike. Mama mbaya hajiogopi. Siku nyingine ukihisi mkono unakuwa mzito, mlaze chali kitandani mwake, funga mlango, kaa mbali dakika 5 au 10 mpaka upumue, kisha rudi umwangalie. Atalia, na kilio hakitamdhuru. Kumtikisa ndiko kunakoua: shingo yake bado laini, na ubongo huumia ndani bila jeraha lolote kuonekana nje. Mwambie hivyo kila anayembeba, baba yake akiwa wa kwanza.

Sasa wifi. Mwaka 1954 daktari wa Marekani, Morris Wessel, na wenzake walitoa kipimo cha chango kinachotajwa mpaka leo: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki. Tangu hapo chanzo chenyewe hakijapatikana kwa hakika, kwa hiyo wifi yako anajua lililowashinda madaktari. Wanaonyonya hupatwa, wa maziwa ya kopo hupatwa. Na kama uzito unapanda, maziwa yako yanatosha. Kilio hiki kwa kawaida hufika kileleni karibu na wiki ya 6, hapo hapo ulipo, kisha hupungua. Wengi hutulia wakifikisha miezi 3 au 4.

Lakini miezi ni mingi kwa mtu asiyelala. Hebu tazama ndugu zako wanakuja saa ngapi. Asubuhi, mtoto akiwa ametulia: wanampakata, wanampiga picha, wanakumwagia ushauri. Jioni ikikaribia, "haya, sisi tuwahi." Wanakuachia maneno na kuondoka na mikono yao, wakati shida yako yote iko jioni.

Kwa hiyo omba kwa saa. Ukimwambia mumeo "nisaidie", atakuuliza taulo liko wapi. Mwambie: "Kuanzia saa moja hadi saa mbili usiku, mtoto ni wako." Nawe toka, nenda mahali usikosikia kilio, kwa sababu kujilaza chumba cha pili umetega sikio hakuna mapumziko. Mama mkwe naye mpe kazi badala ya kubishana naye: "Mama, naomba uje jioni umbebe, nioge nilale kidogo." Akishambeba saa nzima naye hajanyamaza, habari ya maziwa itapungua yenyewe.

Dawa za chango za dukani usimpe kabla ya kumuuliza daktari. Asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka 1. Akipata homa ya 38 au zaidi, akitapika kijani, akitoa choo chenye damu, akikataa kunyonya, akilegea, au kilio kikibadilika ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jana waliwaambia ni chango.

Nawe jichunguze. Ukikosa usingizi hata mtoto akilala, ukiona kila kitu hakina maana, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki 2, mweleze mhudumu wa kliniki. Sonona baada ya kujifungua inatibika. Wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto likikujia, usisubiri hizo wiki: mwambie mtu palepale, uende hospitali.

Mumeo akikataa zamu yake, niandikie tena. Yeye nina ya kumwambia.