Kukodi gari kwenda kijijini huku Kusini: taja kitongoji, usiishie kwenye wilaya

Kiangazi kikiingia tu ndugu na marafiki wa Dar wanaanza kunipigia, mmoja anakuja kumcheza mwanae unyago, mwingine anaenda kuhani, mwingine anataka tu kuona mikorosho aliyoachiwa na babu yake, na wote swali lao moja, gari ya kutupeleka kijijini tunaipataje na ni shingapi. Mimi naishi Mtwara mjini, kazi zangu ni za kukusanya takwimu kaya kwa kaya, leo Nanyamba wiki ijayo Nachingwea, kwa hiyo gari za kukodi ndo maisha yangu. Haya ni ya kwangu niliyoyaona, mwenye ya kwake aongeze.

Kubwa kuliko yote ni hili. Ukimwambia dereva "naenda Newala" atakupa bei ya Newala, na Newala yake yeye ni stendi. Newala yako wewe ni kwa bibi, huko unakoshuka mlima kuelekea upande wa mto Ruvuma, njia ya mchanga na makorongo ambayo gari inatembea mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Sasa mkifika stendi ndo ugomvi unaanza, yeye anasema safari imeisha, wewe unasema bado, mama yuko siti ya nyuma na mabegi na kuku, na hapo hamna namna, utaongeza hela tena kwa bei anayoitaka yeye maana ameshakuweka mahali huna pa kwenda. Wala hajakudanganya. Ulimtajia wilaya akakupa bei ya wilaya.

Kwa hiyo taja kijiji, halafu taja kitongoji, halafu mwambie ukitoka barabara kubwa unaingia ndani umbali gani na njia yenyewe ikoje. Kama hujui (na watu wa Dar wengi hamjui, mmefika mara ya mwisho mkiwa wadogo) mpigie mtu aliyeko kule umuulize bodaboda analipwa shingapi kutoka lami mpaka nyumbani. Hiyo bei ya bodaboda inakwambia kila kitu, ikiwa kubwa kuliko ulivyotegemea ujue njia ni mbaya au mbali au vyote viwili.

Na hapohapo ndo nampima dereva. Dereva wa kukwepa ni yule anayesema "hamna shida dada, popote nakufikisha" kabla hujamaliza sentensi. Mzuri anakuuliza maswali mpaka unachoka. Kuna mjomba mmoja nasafirigi naye sana, ukimpigia maongezi yanakuwa hivi:

"Mjomba shikamoo, kesho nataka gari twende Tandahimba."

"Marahaba mama. Tandahimba ipi?"

"Ndani kidogo, kama unaenda upande wa mtoni."

"Mtoni wapi, kwa nani? Juzi huko imenyesha? Mko wangapi, mna mizigo? Mnarudi siku hiyohiyo au mnalala?"

Wengine wanaona anasumbua. Mimi nikishasikia hivyo nafunga mkataba, maana huyo anaijua njia na bei atakayotaja ni ya mwisho.

Kuhusu bei siwezi kukutajia namba hapa, mafuta yanapanda na kushuka, EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na Mtwara tuna bei yetu kwa kuwa mafuta yanashushwa bandarini hapahapa. Ila hesabu yake sio siri. Chukua Mtwara kwenda Masasi, ni kama kilometa 200, lami tupu, kwenda na kurudi 400. Noah kwenye lami inakwenda kama kilometa 10 kwa lita, basi hapo lita 40. Ukiingia kwenye mchanga au tope hiyo 10 inashuka mpaka 6 au 7, gia ya kwanza ya pili muda wote. Juu ya mafuta weka hesabu ya tajiri, maana magari mengi sio ya dereva, kuna mtu anasubiri hela yake jioni, halafu posho ya dereva mwenyewe. Na kurudi tupu unalipa wewe, hilo usibishane nalo, nani atampata wa kurudi naye kutoka kitongojini saa kumi jioni? Ukishajua hivyo ukitajiwa bei utaona mwenyewe kama ni ya haki au ni bei ya mgeni. Na tafadhali ongea Kiswahili cha nyumbani ukipiga simu, ukijitambulisha kwamba umeshuka jana na ndege bei nayo inapaa.

Adivansi mimi natoa ya mafuta tu, na simtumii mtu kwenye simu usiku aniahidi atajaza. Tunaenda wote sheli, pampu inasoma, nalipa. Iliyobaki anapata tukirudi. Na hiyo iliyobaki tembea nayo mkononi, maana mawakala wa vijijini floti inaisha haraka, utakuta kibanda kipo, dada yupo, hela hamna.

Magari sasa. Usikodi gari kwa sura. IST ni gari nzuri kwa mjini na Mikindani, lakini iko chini, ukiipeleka kwenye njia yenye mgongo katikati inakwangua mpaka moyo unauma. Probox na Noah ndo zinabeba Kusini yetu, ukienda Ruangwa au Masasi hizo zinatosha kabisa. Kipande cha Mtwara mpaka Mnivata, njia ya kwenda Newala, nacho kina lami, kilometa 50 hizo unakula raha. Liwale ni habari nyingine. Kutokea Nangurukuru ni zaidi ya kilometa 200 na sehemu kubwa ni vumbi, na mvua ikinyesha vumbi hilo linageuka kitu kingine kabisa, hapo usinitajie Noah, tafuta Land Cruiser au ahirisha msiba. Natania, msiba hauahirishwi, ila ndo maana Land Cruiser za Liwale bei yake haiongeleki. Na kumbuka huku hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga, mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili au Mei, basi. Mwenye nafasi ya kuchagua aje Juni mpaka Septemba.

Oktoba mpaka Desemba kuna shida ya aina yake. Korosho. Minada ikianza na malipo yakiingia kwa wakulima, gari hamna. Kila gari imekodiwa, huyu anaenda benki na wenzake, huyu anabeba mabati, huyu anaoa, na dereva ambaye mwezi wa nane alikuwa anakubembeleza sasa hapokei simu. Msimu huo weka oda wiki nzima kabla na mkumbushe kila siku. Tena msimu huohuo mabibo yanakuwa yameiva kila mahali na uraka, pombe ya mabibo hayo, unapatikana kwa bei ya kutupa, kwa hiyo mkifika kijijini usimwache dereva peke yake ajitafutie kivuli. Mkaribishe, apewe chakula, akae na wenyeji wako mahali unapomwona. Nasema kwa heshima, madereva wengi ni watu wazima wanaojielewa, lakini uraka ni mtamu na jua ni kali na yeye anasubiri masaa manne hana kazi. Nimewahi kumkuta mmoja chini ya mkorosho anaimba. Siku hiyo tulilala hukohuko.

Kusubiri kwenyewe nako mkubaliane. Mimi nasema kabisa, tunafika saa nne, tunatoka saa tisa, tukizidi nakuongezea kiasi fulani, tukilala chakula na mahali pa kulala juu yangu. Yakishasemwa haya kabla ya gari kuwaka hakuna mtu atakayekununia.

Kabla ya kuondoka zunguka gari. Tairi la spea lipo na lina upepo? Jeki ipo? Spana ya tairi je, maana jeki bila spana ni chuma tu. Koleo kama ni njia ya mchanga. Ukienda Msimbati hili sio mapambo, ule mchanga wa kule karibu na bahari unaonekana mgumu kwa juu, gari ikisimama tu imekwisha. Dereva asiyejua anakanyaga mafuta, tairi inazunguka palepale, inachimba, mpaka tumbo la gari linakaa chini. Anayejua anazima, anashuka, anachukua kijiti anabonyeza upepo kutoka tairi zote nne mpaka zinalegea na kutanuka, anakwangua mchanga mbele ya tairi kwa mikono, anapanga makuti manne matano chini, halafu anatoka taratibu bila kukanyaga sana. Dakika ishirini mko njiani. Ila awe na pampu ya kurudishia upepo, hilo nalo muulize.

Namba ya gari iangalie pia. Nyeupe ni ya biashara, ya njano ni gari binafsi. Najua za njano zinabeba watu sana na nyingine ni nzima kuliko za biashara, lakini mkisimamishwa na trafiki maelezo yanakuwa marefu, na ikitokea ajali bima ya gari binafsi inaweza isimtambue abiria aliyelipa nauli. Uamuzi ni wako. Mdada ukisafiri peke yako piga picha ya namba na leseni ya dereva, mtumie mtu wa nyumbani mbele yake, na huyo wa nyumbani apige simu aongee na dereva amsalimie kabisa. Dereva mwema hachukii. Akichukia umeshapata jibu.

Kuna suala la kuokota abiria. Umekodi spesho, gari ni yako siku hiyo, lakini njiani mtapungiwa mikono. Mimi mgonjwa, mama mjamzito, bibi mwenye mzigo, napakia, hata sifikirii mara mbili, huku usafiri ni shida na kesho anayepunga ni mimi. Ninachokataa ni dereva kujaza watu watano wa kulipa kwenye gari niliyoilipia bila kuniuliza.

Usiku msitembee kama si lazima. Upande wa Liwale na Nachingwea tembo wanavuka mpaka mashambani, na kwenye lami kuna malori yaliyoharibika yamesimama hayana taa, alama pekee ni matawi yaliyotupwa barabarani, ukiyaona punguza mwendo, mbele kuna kitu. Ukienda vijiji vya mpakani tembea na kitambulisho cha NIDA na ukifika jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, gari ngeni inaonekana haraka.

La mwisho ni gari kufa njiani, ambalo watu hawalisemi mpaka litokee. Makubaliano yangu ni kwamba likifa nalipa mpaka pale lilipofia na dereva ndo anatafuta lingine, na njia ikikatika, kama ilivyokatika barabara ya Dar pale Somanga baada ya kimbunga Hidaya Mei 2024, hapo hamna wa kulaumiwa, nalipa mafuta yaliyotumika na hela ya siku yake tunagawana. Na kama imebaki pua na mdomo mfike, ita bodaboda wa kijiji hicho, mizigo mikubwa ibaki kwenye gari na mtu mmoja wenu, nyie wengine tangulieni kabla giza halijaingia.