Samaki aina ya trauti wananikimbia, nifanyeje?

SWALI: Niko Missouri huku Marekani, wikiendi naenda mto Current, maji meupe kama glasi, trauti nawaona kabisa ila nikitupa ndoana tu wanasepa. Nakosea wapi?

JIBU: Kaka, na wao wanakuona! Mto ule ni wa chemchemi, hakuna tope la kukuficha. Chukua jigi ndogo ya nusu gramu hivi, ile ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi na manyoya, ya kahawia, mshipi mwembamba wa paundi 4 au hata 2 (uzito unaohimili kabla ya kukatika), funga chelezo kidogo jigi ining'inie shubiri moja juu ya changarawe, tupia upande maji yanakotoka halafu acha yaibebe yenyewe, usivutevute. Chelezo kikisita kidogo tu, inua fimbo. Na tisheti nyekundu iache nyumbani.