Kaka alianguka kifafa tulipomkatisha waragi

SWALI: Daktari, kaka yangu amekunywa waragi miaka 8, siku hizi chupa mbili za mililita 200 kwa siku. Mwezi uliopita tulimfungia chumbani aache. Siku ya pili alitetemeka, akaanguka kifafa. Sasa amerudia pombe na majirani wanasema amerogwa. Tumfungie tena? – Msomaji, Busia

JIBU: Hapana dada, msimfungie. Hakurogwa, kilichomwangusha ni kukatishwa pombe ghafla.

Pombe hukaza breki za ubongo. Ikinywewa kila siku kwa miaka, ubongo hujirekebisha: hulegeza breki zake wenyewe na kukanyaga mafuta zaidi, ndiyo maana mlevi wa siku nyingi hunywa chupa nzima na bado anatembea. Mkiiondoa kwa siku moja, breki zimelegea na mafuta bado yamekanyagwa. Jasho, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka hadi chai inamwagika huanza kati ya saa 6 na 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Kifafa huja kwa kawaida ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona wadudu ukutani, homa hupanda. Hali hii huua. Aliyewahi kuanguka yuko hatarini zaidi safari ijayo.

Basi aachie hospitalini: Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi. Mpaka mfike, asikate pombe ghafla. Semeni ukweli kuhusu kiasi anachokunywa na saa aliyokunywa mwisho, kwani dozi hutegemea hayo. Kwa kawaida hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa siku 5 hadi 7. Msiinunue mkampa nyumbani. Ikikutana na waragi yaweza kumkata pumzi. Pia ulizeni kama amechomwa vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Walevi wengi wana upungufu wake, na sukari ikitangulia humaliza kile kidogo kilichobaki. Mtu huanza kupepesuka, macho hayatulii, kumbukumbu hupotea.

Wiki hiyo husafisha mwili tu. Hamu hubaki miezi mingi, na huamshwa na harufu, siku ya malipo, njia inayopita kibandani. Kubalianeni naye nani amshikie pesa na apite njia gani, kisha ahudhurie ushauri kila wiki. Akiteleza, mrudisheni kwa mshauri siku hiyohiyo, bila matusi.

Akianguka kabla hamjasafiri, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, mtazame saa. Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuteni gari mara moja. Msimpakie kwenye bodaboda.