Machozi ya kwenye runinga na orodha isiyoonyeshwa: ushauri kwa anayefikiria kujiunga na sororiti Marekani

Kila ifikapo Agosti, wadogo zangu wanaojiandaa kwenda kusoma Marekani huanza kunitumia video za wasichana waliosimama mbele ya majumba yenye nguzo nyeupe, wengine wakirukaruka kwa furaha na wengine wakilia, na swali lao huwa ni lile lile: je, sororiti, yaani vile vyama vya wasichana wa vyuo vikuu vya Marekani, ndivyo zilivyo? Wapo ambao wameshatazama misimu mizima ya vipindi vya maisha halisi na wana jibu tayari, kwamba huko ni ugomvi, pombe na kusengenyana tu. Mimi nimepita pande zote mbili za mlango ule katika chuo kikuu cha umma, kwanza nikiwa mwombaji, kisha nikiwa mwanachama mwenye kura. Nionavyo, machozi yanayoonyeshwa ni ya kweli. Kisichoonyeshwa ni utaratibu unaoyasababisha, na anayetaka kujiunga anapaswa kuuelewa utaratibu huo kuliko kukariri visa vya watu.

Tuanze na kamera yenyewe. Katika sororiti kubwa, majadiliano ya kuchagua wanachama ni siri, na hakuna mpiga picha anayeruhusiwa kukaa chumbani humo. Ndiyo maana kituo cha runinga cha MTV kilipoanzisha kipindi cha Sorority Life mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, chama kilichofuatiliwa hakikuwa kimojawapo cha vile vikubwa vya kitaifa, bali Sigma Alpha Epsilon Pi, kikundi kidogo cha wasichana wenye asili au mwelekeo wa Kiyahudi. Katika kikundi kidogo watu wote hufahamiana, hivyo kila uamuzi huonekana kuwa wa mtu dhidi ya mtu. Mtazamaji aliye Dodoma au Mombasa huichukua picha hiyo na kuibandika juu ya zoezi la kuchagua wanachama katika chuo kama Alabama, ambako waombaji wa msimu mmoja hupita elfu mbili.

Huko kwenye umati, kazi ni ya orodha na kompyuta. Sororiti zaidi ya ishirini zimo katika umoja wa National Panhellenic Conference, ulioanzishwa mwaka 1902, na utaratibu wao mkuu huchukua takriban wiki moja yenye raundi kadhaa. Siku za mwanzo unatembelea nyumba nyingi (ndivyo sororiti zinavyoitwa huko) na kuzungumza kwa dakika chache katika kila moja. Raundi ikiisha, wewe unazipanga nyumba kwa kadiri unavyozipenda, nazo zinapeleka majina ya wanaowataka. Kompyuta inaoanisha, na asubuhi unapewa ratiba yako mpya. Jambo ambalo sikuwahi kuliona likielezwa kwenye runinga ni kwamba idadi ya watu ambao nyumba inaweza kuwaalika tena hupangwa kwa hesabu ya misimu iliyopita. Nyumba ambayo kila mwaka karibu kila aliyealikwa hurudi hulazimika kupunguza wengi mapema sana, wakiwamo wale iliowapenda, ili wasipoteze wiki nzima wakisubiri nafasi isiyokuwapo. Kwa hiyo msichana anayelia asubuhi ya pili huenda hakuchukiwa na mtu yeyote, ingawa mhariri wa kipindi atalibandika chozi lake pembeni ya uso wa mwanachama aliyekunja midomo, nasi tutaamini kwamba tumeona sababu na matokeo.

Upande wa ndani hauna mvuto wa runinga kabisa. Kabla masomo hayajaanza tulikuwa tukirudia mazoezi ya kufungua mlango, kuimba na kupokezana wageni mpaka sauti zinakauka. Mwenzako akikugusa begani, hiyo ni ishara kwamba anachukua zamu yako: unamtambulisha mgeni kwa jina, unataja jambo moja alilokueleza ili mazungumzo yasikatike, kisha unaondoka ukitabasamu na kukimbilia chumba cha nyuma kuandika alama kabla sura yake haijachanganyika na za wengine. Yaliyosemwa wakati wa kura siyasemi, maana niliahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba jina lililotetewa na mtu mwenye kumbukumbu mahususi lilikuwa na nguvu kuliko gauni lolote, na kwamba wasichana wengi waliachwa kwa sababu tu hakuna aliyewakumbuka.

Kwa anayetoka kwetu, hilo lina maana kubwa. Utaulizwa unatoka wapi katika kila nyumba, na ukijibu "Tanzania" kisha ukanyamaza kwa adabu, mwenzako, ambaye pengine hana swali la pili kuhusu Tanzania, atahamia kwenye hali ya hewa. Mpe pa kushika: mwambie umekulia Morogoro, mama yako ana duka la vitenge, na likizo zako zote zilipita ukipima mita na kupatana bei na wateja. Hapo ana mambo matatu ya kuuliza na moja la kuandika. Vilevile usikae kama mgeni anayesubiri kukaribishwa kula. Kwa malezi yetu huo ni ustaarabu, lakini kule unasomeka kama mtu asiyependezwa. Muulize naye maswali.

Rangi ni suala ambalo vipindi hivi hulipitia juu juu. Mwaka 2013 gazeti la wanafunzi wa Alabama, The Crimson White, lilifichua kwamba wasichana weusi wenye sifa nzuri walikuwa wakizuiwa kuingia katika sororiti za jadi za wazungu, na kwamba baadhi ya wahitimu wa zamani walikuwa na mkono katika uamuzi huo. Chuo kikaamuru mialiko ifunguliwe upya. Kabla hujajiandikisha, angalia picha za wanachama wa miaka kadhaa mfululizo, si ile moja iliyowekwa mbele kwa ajili ya matangazo.

Zipo pia sororiti nne za kihistoria za Wamarekani weusi: Alpha Kappa Alpha ya mwaka 1908, Delta Sigma Theta ya 1913 na Zeta Phi Beta ya 1920, zote zilizozaliwa Chuo Kikuu cha Howard, pamoja na Sigma Gamma Rho iliyoanzia Indianapolis mwaka 1922. Desemba 2014 kituo cha VH1 kilianza kurusha Sorority Sisters, kuhusu wanawake wa Atlanta waliokuwa wanachama wa vyama hivyo. Walikuwa watu wazima waliokwisha kuhitimu, lakini walionyeshwa wakibishana kana kwamba uanachama ni leseni ya matusi. Wanachama wengine wa vyama hivyo walikasirika, wakazibana mtandaoni kampuni zilizotangaza bidhaa zao kwenye kipindi mpaka matangazo mengi yakaondolewa, na Januari 2015 kipindi kilikuwa kimekwisha. Nadhani walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa huduma kwa jamii ndiyo inayopewa uzito katika vyama hivyo. Delta, kwa mfano, ilichangia hospitali ya uzazi iliyopo Thika, Kenya. Huko hakuna nyimbo za mlangoni. Unahudhuria shughuli zao, unajenga rekodi ya masomo na kujitolea, kisha unaomba nafasi zinapotangazwa, na hata baada ya kuhitimu mlango bado upo kupitia matawi ya wahitimu.

Kuhusu kuteswa kwa wanachama wapya, usitegemee kipindi wala uvumi. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo vichapishe taarifa za vyama vilivyokutwa na makosa hayo. Tafuta taarifa ya chuo chako uisome.

Limebaki la fedha, ambalo kamera hulikimbia. Katika vyuo vikubwa vya kusini, gharama za muhula mmoja zinaweza kufika maelfu ya dola ukijumlisha ada ya mwanachama mpya, chakula na chumba, na bado kuna faini za kukosa vikao, nguo na picha. Mwenye viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi piga hesabu kwa mshahara huo, si kwa ahadi ya mjomba. Omba mchanganuo wa gharama kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo utasaini fomu ya kuorodhesha nyumba unazozikubali, na ukipangiwa mojawapo kisha ukaikataa, hutaruhusiwa kujiunga na nyingine ya umoja huo chuoni hapo mpaka zoezi kuu la mwaka unaofuata. Si lazima uandike zote: unaweza kuandika hata jina la nyumba moja tu, na unaruhusiwa kuondoka bila kusaini kabisa.