Taa ya karatasi itadumu sebuleni kwangu?

SWALI: Shikamoo mama. Nyumba yetu hapa Mafinga imekwisha, na kwa muda mrefu nimeitamani taa ya Kijapani ya karatasi na mianzi, ile ya duara kama mwezi. Nilinunua moja dukani, fundi akaifunga na balbu ya zamani ya wati 100. Wiki mbili hazijaisha, karatasi ya juu ikawa kahawia. Mume wangu akaishusha, anasema itatuchomea nyumba. Niachane nayo? Au wasusi wetu wa vikapu wanaweza kunitengenezea ya kudumu?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa nyumba. Baba wa nyumba alifanya vema kuishusha, ila kosa ni la balbu. Balbu ya uzi hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na joto hupanda. Ndiyo maana juu kumeungua kwanza. Weka ya LED ya wati 7 au 9, iliyoandikwa 2700K kwenye boksi. Mwanga wake ni wa manjano, unafanana na wa koroboi. Nyeupe ya kibuluu usiiweke, inaufanya uso wa mgeni uonekane wa mgonjwa.

Sasa hilo la wasusi, ambalo ndilo limenifurahisha. Taa hizi zina kwao: Gifu, mji wa Japani ulio kando ya mto Nagara, ambako wavuvi huvua usiku kwa kutumia ndege wapiga mbizi. Mwaka 1951 mchongaji Isamu Noguchi alipita huko, meya akamwomba awasaidie mafundi wa taa ambao soko lao lilikuwa limedorora. Akazibuni upya zifae kwa umeme, akaziita Akari, neno la Kijapani lenye maana ya mwanga, na ndani yake akasikia pia wepesi. Fundi huunganisha vipande vya mbao kuwa kalibu, akazungushia ufito mwembamba wa mwanzi kuanzia juu hadi chini, kisha akabandika karatasi juu yake. Gundi ikikauka, kalibu inafumuliwa na kutolewa kipande kipande kupitia tundu. Kinachobaki unaweza kukikunja kikalala bapa kama sahani.

Kwa mianzi hatuna shida. Milanzi, ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, imejaa Iringa na Njombe. Lakini chipukizi la kugemea ulanzi usiliguse: likishakatwa ncha ili ligemwe halirefuki tena, na bado ni laini. Mwombe msusi mwanzi wa miaka mitatu na zaidi, uliokatwa kiangazi, ukalowekwa majini wiki kadhaa ili wanga utoke. Nasema hivi kwa uchungu. Taa yangu ya kwanza tuliisuka kwa mwanzi mbichi, mimi na jirani yangu hapa Kihesa. Haikupita miezi mitatu nikaanza kukuta unga mweupe juu ya kitambaa cha meza kila asubuhi. Bungua! Walizitafuna mbavu zote, taa ikalegea kama soksi. Ya pili, ya mwanzi uliolowekwa, inaingia mwaka wa sita.

Penye ugumu ni karatasi. Wajapani hutumia washi, inayotokana na gome la ndani la kozo, mti wa jamii moja na mforosadi. Nyuzi zake ni ndefu, hivyo karatasi huwa nyembamba na bado haichaniki ovyo, na mwanga hutawanyika humo badala ya kutoboa. Nilijaribu karatasi ya kaki. Ni imara, lakini ni nene na mwanga unafia ndani. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mbavu zisukwe hapa, karatasi ya washi iagizwe. Shiti chache zinatosha taa moja, maana hubandikwa kwa vipande vyembamba.

Usiitundike jikoni wala juu ya jiko la mkaa mnaloota Julai. Moshi hunasa kwenye karatasi na hautoki tena. Kitambaa kibichi kisiiguse. Kila Jumamosi ipitishie brashi laini ya rangi, ambayo haijawahi kuchovywa, kuanzia juu kushuka chini, ukifuata mbavu.