Gari ya zamani ikisumbua kuwaka baada ya kupaki miezi, iacheni kabureta kwanza

Wenye gari za zamani hii hali mnaijua. Umeipaki msimu mzima, miezi minne mitano, turubai juu, siku unaitoa unapiga stata inazunguka tu, inakohoa, inashika kidogo halafu inazima, na ikikubali kuwaka basi inatetemeka na kumisi kama silinda moja imesusa. Na wakati unaipaki ilikuwa inawaka vizuri kabisa! Hapo ndipo wengi tunachukua bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa), na nawaomba sana msifanye hivyo, angalau siku ya kwanza.

Mimi nilifanya. Gari yangu ni ya mwaka 1972, silinda 4, kabureta moja, distributa ya pointi (inagawa cheche kwa silinda, na pointi ni vyuma viwili vidogo ndani yake vinavyogusana na kuachana), hakuna kompyuta hakuna nini. Kuna mwaka ilitoka stoo inawaka kwa shida, nikajiaminisha ni kabureta, nikaifungua yote mezani, nikapuliza jeti, nikabadilisha gasketi, nikairudisha, hali ile ile. Nikaanza kucheza na skrubu ya mchanganyiko mpaka nikasahau mwanzo ilikuwa wapi. Wikiendi mbili zikaisha hivyo. Ya tatu ndiyo nikafungua kifuniko cha distributa, nikasukuma pointi zikaachana, nikamulika tochi, nikaona nyuso zake zina utando wa kijivu, mwembamba sana, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo. Nikapitisha kipande cha karatasi ngumu katikati kikatoka na mstari mweusi. Nikapitisha tena na tena hadi karatasi ikawa inatoka safi, nikafunika, nikapiga stata, ikawaka kabla sijaachia ufunguo. Halafu ikabidi niitafute upya ile setingi ya kabureta niliyoiharibu kwa mikono yangu.

Kwa hiyo siku hizi ikitoka stoo ikasumbua najiuliza swali moja tu, hii miezi imebadilisha nini humu ndani? Skrubu haiwezi kujizungusha yenyewe gari ikiwa imelala. Lakini betri inashuka, petroli inachoka, vyuma vinavyogusana vinapata kutu au utando, mpira unakauka, unyevu unaingia. Anzia huko.

Betri ndiyo ya kwanza, na usiridhike kwamba stata inazunguka. Chukua mita, betri iliyojaa na kupumzika inasoma voti 12.6 hivi au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, ikifika 12 ichaji kwanza usijisumbue na kingine. Kisha mtu akupigie stata wewe unaangalia mita. Ikishuka chini ya voti 9.6 basi stata inakula umeme wote na koili (inayopandisha umeme wa betri kuwa cheche) inabaki na kidogo sana, cheche inakuwa dhaifu, injini inazunguka vizuri tu lakini haishiki. Hapa ndipo watu wengi wanapotea maana wanasema mbona betri ina nguvu, inazungusha. Kabla hujailaumu betri yenyewe angalia pia vichwa vyake na waya wa ethi unaokwenda kwenye injini. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata, ukiona zaidi ya nusu voti hapo ethi ni mbovu, fungua, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu.

Kitu kingine kidogo lakini kimeniokoa: sikiliza inashika wakati gani. Gari nyingi za enzi hizo zina kipunguza umeme kabla ya koili, na wakati wa stata kuna waya wa pembeni unaokiruka ili koili ipate umeme kamili. Kama gari inawaka ukiwa umeshikilia ufunguo na inazima palepale ukiachia, angalia kile kipunguza umeme, kitakuwa kimekatika. Kama haishiki kabisa kwenye stata ila inashika pale unapoachia ufunguo, basi ule waya wa pembeni ndio haufanyi kazi. Ni sekunde moja tu ya kusikiliza.

Baada ya hapo toa plagi, maana plagi haidanganyi. Umepiga stata mara kadhaa na zimetoka kavu, mafuta hayafiki. Zimetoka zimelowa na zinanuka petroli, mafuta yapo ila moto hakuna au ni dhaifu, au mafuta yamezidi. Ikizidi mara nyingi ni ile sindano ya floti (inayofunga petroli bakuli likijaa) imeganda wazi kwa sababu ya masalia ya petroli iliyokauka, mimi hugonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi na mara nyingi inaachia. Huko siyo kuzungusha skrubu jamani, ni kugonga tu.

Zikiwa kavu usikate tamaa mapema. Pampu za zamani zinazosukumwa na injini yenyewe zinahitaji muda kujaza bakuli ambalo limekauka kabisa, piga stata sekunde 10, pumzisha stata ipoe, piga tena. Ikiwaka ikakimbia sekunde chache ikazima, imemaliza kilichokuwa kwenye bakuli na hakuna kingine kinachokuja, hapo angalia filta, mipira ya mafuta na utando wa ndani wa pampu.

Petroli yenyewe nayo. Zile sehemu nyepesi za petroli zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi ndizo zinazoruka kwanza ikikaa muda mrefu, kwa hiyo tanki linaweza kuwa limejaa mafuta ambayo yanaungua vizuri injini ikiwa moto ila asubuhi hayashiki. Na kama petroli ina ethanoli, ethanoli inavuta maji, yakizidi yanajitenga na kukaa chini ya tanki, na huko chini ndiko pampu inakovuta. Toa kidogo kutoka chini kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie, tazama kwenye mwanga. Nilivyofanya mara ya kwanza nikaona kabisa mstari, juu rangi ya njano, chini kitu kingine kizito kama maji ya kuoshea, na harufu yake ya vanishi kuliko petroli. Hiyo usiichanganye na mpya ukitegemea itapona, itoe yote. Na tafadhali hii kazi ifanyie nje, mbali na moto, waya wa betri ukiwa umetolewa.

Haya, imewaka lakini inamisi. Hapa tafuta silinda, usibahatishe. Injini ikiwa inanguruma vua waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira mzuri (sio kwa mkono, ule umeme unarusha mtu), ukivua waya na mlio usibadilike umeipata silinda iliyolala. Zima, hamisha plagi yake kwenda silinda nyingine, ugonjwa ukihama na plagi, plagi ni mbovu, ukibaki palepale angalia waya na kifuniko cha distributa. Kifuniko kikiwa na unyevu au ufa mwembamba kama unywele, cheche zinapita njia za mkato, na usiku boneti wazi taa zimezimwa utaziona zinaruka kwa macho yako.

Ikiwa inatetemeka ikiwa imesimama lakini ukikanyaga mafuta inakuwa laini, fikiria hewa inayoingia pasipotakiwa, mipira ya vakumu imekakamaa na kupasuka. Bana mpira mmoja mmoja kwa vidole usikilize mlio. Na kabla ya yote fungua kasha la filta ya hewa, panya wanapapenda sana humo, mimi nimekuta kiota kizima cha matambara na nyasi.

Mwaka ujao kabla ya kuipaki jaza tanki mpaka juu ili nafasi ya hewa yenye unyevu iwe ndogo, weka dawa ya kutunza petroli na uendeshe kama dakika 10 dawa ifike mpaka kwenye kabureta, badilisha oili, toa waya wa betri na uwe unaichaji mara kwa mara. Usiwe na ile tabia ya kuiwasha dakika tano kila wiki, najua inafanywa kwa mapenzi ila injini haipati moto wa kutosha, maji yanabaki kwenye oili na bomba la moshi. Andika pia kwenye daftari uwazi wa pointi, uwazi wa plagi na skrubu za kabureta zimezungushwa mara ngapi, yangu ni milimita 0.4 kwa pointi na 0.6 kwa plagi, yako angalia kitabu chake.

Na siku ya kuitoa, kabla ya kuiwasha kabisa, chomoa waya mwembamba unaoleta umeme kwenye koili, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo uurudishe, vuta choki, uwashe.