Mpime mjomba oksijeni KABLA hajameza hizo dexa

Weka hizo dexa (vidonge vya dexamethasone) kabatini. Tafuta kile kipimo cha kubana kidoleni, mpime mjomba, ndipo uje usome haya mengine.

Umeuliza korona inaharibuje mapafu na kama yanapona, halafu mwishoni ukatupia kama jambo dogo: mjomba yuko Malaba, homa na kikohozi tangu wiki iliyopita, anaongea vizuri, na mwenye duka la dawa kamfungia dexa "zilinde mapafu mapema". Nimesoma hapo nikaweka chai chini. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi Juni 2021, wimbi la pili la korona, tulipofungiwa Uganda zile siku 42.

Kwanza hilo la "anaongea vizuri". Kirusi kinashika seli za vifuko vya hewa, zikiwemo zile zinazotengeneza utelezi unaovizuia visinywee. Seli zikifa, utelezi unakwisha na vifuko vinakuwa kama kavera (mfuko wa plastiki) lililolowa: kuta zinanatana, kulifungua ni kazi. Kinga ya mwili nayo inavamia, vimishipa vinavuja, maji yanajaa palipokuwa na hewa, na damu inaganda kwenye vimishipa vidogo. Oksijeni inakosa njia. Lakini hewa ukaa inapenya kirahisi zaidi, inaendelea kutoka, na kinachoufanya ubongo upige kelele "sipumui!" hasa ni hewa ukaa ikirundikana. Kwa hiyo mtu anaweza kuishiwa oksijeni huku amekaa anapiga soga. Mimi nilikuwa nabishana siasa kwenye simu. Mke wangu akashukuru Mungu, akijua nikianza ubishi nimepona.

Sasa dexa. Dawa yenyewe ni nzuri, sina ugomvi nayo. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wanapewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni? Haikuwasaidia, na dalili zilielekea upande wa madhara. Sababu iko wazi: dexa inaituliza kinga. Mapema ndiyo kwanza kinga inapigana na kirusi, wewe unaifunga mikono.

Yule bwana wa duka hakunieleza hata nusu ya hayo. Hakunipima chochote! Alinitazama usoni, akasema "wewe uko fiti, hizi ni za kinga tu", akahesabu vidonge kwenye bahasha, akapokea hela. Koti jeupe analo, sijui alilinunua wapi. Nikameza. Homa ikashuka, hamu ya kula ikarudi, nikajiona simba, kumbe dexa inashusha homa na kukuchangamsha huku kifua kinaendelea kuoza kimyakimya. Sukari nayo ikapanda, na sijawahi kuwa mtu wa sukari. Jirani muuguzi alipopita kunisalimia, hakuipenda rangi ya midomo yangu. Akanibana kidole, oksijeni asilimia 79. Mimi nikamwambia kipimo chake kibovu, akajibana mwenyewe, 98. Hapo ubishi ukaniisha. Mitungi ya oksijeni wakati ule mnakumbuka ilivyokuwa inatafutwa, sitaki hata kusimulia.

Kwa hiyo namba kwanza, dawa baadaye. Vidole viwe na joto, rangi ya kucha ifutwe, akae ametulia, usubiri namba isimame. 95 kwenda juu, abaki nyumbani mkimpima asubuhi, mchana na usiku. 94 kushuka, hospitali leo. 90 au chini, hata chai asisubiri. Halafu mtembeze kidogo uani, akiwa na nguvu za kutembea, umpime tena: ikishuka kwa 3 au zaidi, mpeleke pia, hata kama akiwa amekaa inasoma vizuri. Na vipimo hivi kwa ngozi zetu nyeusi wakati mwingine vinasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 94 yake usiibembeleze.

Akienda, abebe na bahasha ya dexa, waione. Daktari akiona anahitaji, atampa mwenyewe, kwa kawaida miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10.

Najua uliuliza na mengine. Andika hapa namba iliyosoma kwanza.